Mkongo, Anga na Neno: Mustakabali wa Intaneti na Nafasi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya mawasiliano iliyolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, ilikatika kaskazini ya mji wa Durban. Kwa siku kadhaa huduma za intaneti zilidhoofika katika nchi nyingi za Afrika Mashariki na Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Hata watu wawili waliokaa katika mji mmoja walipata taabu kupelekeana ujumbe, kwa kuwa huduma walizozitegemea zilikuwa katika seva za nchi za mbali.

Kwa mwanafunzi wa lugha, tukio hilo laweza kuonekana kuwa shauri la wahandisi peke yao. Hata hivyo, historia ya Kiswahili inaonyesha kwamba njia za mawasiliano ndizo zilizoamua lugha hii ifike wapi na ifike katika sura gani. Pepo za kaskazi na kusi ziliwakutanisha wenyeji wa pwani na wageni wa ng'ambo, na msamiati ukapanuka. Misafara ya biashara ilikipeleka Kiswahili Tabora na Ujiji, kisha ikakivusha Ziwa Tanganyika hadi Kongo. Mashine za kupigia chapa zilidai tahajia moja, na kazi ya usanifishaji iliyokabidhiwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930 ikafuata. Redio nayo ilieneza matamshi ya namna moja kwa watu waliokuwa na lafudhi nyingi. Hakuna njia hata moja kati ya hizo iliyobeba lugha bila kuibadilisha. Haitarajiwi kuwa intaneti itafanya vinginevyo.

Mhadhara huu una malengo matatu. Kwanza, unaeleza jinsi miundombinu ya intaneti inavyobadilika, hasa katika mwambao wa Afrika Mashariki. Pili, unaonyesha jinsi mabadiliko hayo yanavyozaa huduma za aina mpya, ambazo msingi wake ni lugha yenyewe. Tatu, unachunguza kazi zinazowangojea wanaisimu wa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba katika awamu ijayo ya intaneti lugha haitakuwa tena mzigo unaosafirishwa tu. Itakuwa malighafi ya huduma zenyewe, na lugha isiyoandaliwa na wenyewe itaandaliwa na wengine.

2.0 Intaneti ni kitu gani

Neno intaneti hutumiwa kwa mambo mawili yanayofaa kutenganishwa. La kwanza ni miundombinu, yaani nyaya, minara, setilaiti, ruta, seva na kanuni zinazoviunganisha. La pili ni huduma zinazopita juu ya miundombinu hiyo: barua pepe, tovuti, kutuma fedha, mazungumzo ya video na mengineyo.

Ujumbe unaotumwa katika intaneti hauendi mzima kama barua ndani ya bahasha. Hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti huandikwa anwani ya itokako na ya iendako, kisha hupitishwa kutoka ruta moja hadi nyingine. Pakiti za ujumbe mmoja huweza kupita njia tofauti, na hupangwa upya zinapofika mwisho wa safari. Utaratibu huu ulijaribiwa katika mtandao wa ARPANET nchini Marekani, ambao ujumbe wake wa kwanza ulitumwa tarehe 29 Oktoba 1969 kutoka Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kwenda Taasisi ya Utafiti ya Stanford. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao huo ulihamia kanuni za TCP/IP, ambazo ndizo msingi wa intaneti hadi leo. Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, akiwa katika kituo cha CERN mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, alipendekeza mfumo wa wavuti.

Tabia moja ya kanuni hizo ina uzito wa pekee: ruta haina haja ya kujua pakiti imebeba nini. Shairi la Kiswahili, picha ya harusi na hesabu za benki hupita katika njia ile ile kwa masharti yale yale. Ndiyo maana mtu yeyote aliweza kubuni huduma mpya bila kuomba ruhusa kwa mwenye waya. Uhuru huo ndio uliofanya intaneti ikue upesi, na ndio unaofaa kupimwa kila mabadiliko mapya yanapotajwa.

3.0 Miundombinu: bahari, nchi kavu na anga

3.1 Mikongo ya baharini

Kabla ya mwaka 2009, nchi za mwambao wa Afrika Mashariki ziliunganishwa na intaneti ya dunia kwa setilaiti, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa pole. Mwezi Julai mwaka huo mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukifika Mombasa na Dar es Salaam. Mkongo wa TEAMS, unaotoka Fujairah katika Falme za Kiarabu hadi Mombasa, ulifika mwaka huo huo, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Mingine imeongezeka baadaye, ukiwamo DARE1 uliounganisha Djibouti, Somalia na Kenya. Katika mkongo, habari husafiri kama miali ya mwanga ndani ya nyuzi za kioo nyembamba, kwa mwendo wa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde.

Wingi wa mikongo haukuondoa udhaifu mmoja wa kijiografia. Kutoka mwambao huu kuna milango miwili mikuu ya kwenda Ulaya: wa kaskazini kupitia Bahari ya Shamu, na wa kusini kuzunguka Afrika Kusini. Mwezi Februari 2012 nanga ya meli iliukata mkongo wa TEAMS karibu na Mombasa, wakati ambapo mikongo mingine ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu. Mwezi Februari 2024 mikongo mitatu, AAE-1, EIG na SEACOM, ilikatika katika Bahari ya Shamu, mahali ambapo vita viliwazuia mafundi kufika upesi. Mlango wa kaskazini ulikuwa haujafunguka sawasawa ulipoguswa wa kusini mwezi Mei. Msiba huo haukuwa wa bahati mbaya tupu. Ulikuwa umeandikwa katika ramani.

Mwelekeo wa siku zijazo unaonekana katika mambo mawili. La kwanza ni kutafuta njia za nchi kavu. Siku chache baada ya tukio la Mei 2024, kampuni ya Google ilitangaza mpango wa mkongo unaoanzia Kenya, ukapita Uganda, Rwanda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Zambia na Zimbabwe hadi Afrika Kusini, na kutoka hapo ukavuka bahari kwenda Australia. Mkongo huo ulipewa jina la Umoja. Nchi nne za mwanzo katika njia hiyo ni nchi ambazo Kiswahili kinasemwa.

La pili ni kuhama kwa umiliki. Mikongo ya mwanzo ilijengwa na serikali, mashirika ya simu na wawekezaji wa mawasiliano. Sasa kampuni zinazotoa huduma ndizo zinazojenga. Mkongo wa 2Africa, uliotangazwa mwaka 2020 na kundi la kampuni ambalo Facebook, iitwayo sasa Meta, ilikuwa mojawapo, ulipangwa kuwa na urefu wa kilomita 37,000 kulizunguka bara zima. Faida yake ni dhahiri: njia zinaongezeka na gharama huelekea kushuka. Lakini mwenye waya anapokuwa ndiye pia mwenye duka, kanuni ya kutojali pakiti imebeba nini huhitaji ulinzi wa sheria, kwa sababu haitalindwa tena na utengano wa wamiliki. Aidha, jina la Kiswahili juu ya mkongo si ushahidi kwamba Waswahili wanao usukani wake.

3.2 Mabadilishano ya ndani

Katika miaka ya 1990, barua pepe iliyotoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya mtaa wa pili ilipita Marekani au Ulaya kwanza, kwa kuwa watoa huduma wa mji mmoja hawakuwa wameunganishwa wao kwa wao. Dawa yake ni kituo cha mabadilishano, yaani mahali ambapo watoa huduma hukutana na kupeana pakiti za ndani bila kuzipeleka ng'ambo. Kituo cha Kenya, kiitwacho KIXP, kilianza mwishoni mwa mwaka 2000, kikafungwa kwa amri ya mdhibiti baada ya malalamiko ya shirika la simu lililokuwa na haki ya pekee, kisha kikafunguliwa tena mwaka 2002. Tanzania nayo ilianzisha kituo chake jijini Dar es Salaam katika miaka iliyofuata.

Matokeo yake yanapimika. Taarifa ya Internet Society ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba sehemu ya mawasiliano ya intaneti ya Kenya inayopatikana ndani ya nchi ilipanda kutoka asilimia 30 mwaka 2012 hadi asilimia 70 mwaka 2020. Sababu moja ni kwamba kampuni kubwa zilileta karibu seva zinazohifadhi nakala za video na kurasa zinazotafutwa zaidi.

Hapa pana funzo kwa watu wa lugha. Kinacholetwa karibu ni kile kinachotafutwa na wengi. Ikiwa maandishi, video na vipindi vya Kiswahili ni haba au vimehifadhiwa mbali, miundombinu ya ndani itajazwa nakala za kazi za wengine, na mkongo ukikatika, kitakachobaki kikipatikana kwa urahisi ni kazi hizo. Maktaba za vyuo vikuu, magazeti na vituo vya utangazaji vinavyoweka kazi zao katika seva za nchini vinajenga akiba ya lugha pamoja na usalama wa mawasiliano.

3.3 Setilaiti za chini

Setilaiti ya kale ya mawasiliano hukaa kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta. Ishara ikipanda na kushuka husafiri kilomita 72,000 na kuchukua karibu robo ya sekunde. Jibu likirudi, nusu ya sekunde imekwisha. Aliyewahi kuzungumza kwa simu za aina hiyo anajua jinsi wasemaji wanavyogongana kwa maneno. Setilaiti mpya, kama zile za Starlink, huzunguka katika umbali wa kilomita 550 hivi, ambako ucheleweshaji hupungua sana. Kwa kuwa kila moja huona eneo dogo na hupita upesi, zinahitajika maelfu. Huduma hiyo ilifunguliwa Rwanda na Kenya mwaka 2023, na Burundi mwaka 2024.

Setilaiti hizo hazitachukua nafasi ya mikongo, kwani nyuzi za kioo hubeba mzigo mkubwa zaidi kwa mbali. Kazi yake ni kufika pale ambapo waya haujafika: visiwani, mbugani, vijijini. Swali la mustakabali ni la mamlaka. Kituo cha mkongo kiko katika ardhi ya nchi na chini ya sheria za nchi. Setilaiti hupita juu ya mipaka, na uamuzi wa kuiwasha au kuizima unaweza kufanywa na kampuni moja iliyo mbali.

4.0 Anwani, majina na ritifaa

Kila chombo kilichounganishwa huhitaji anwani ya nambari. Mfumo wa zamani, IPv4, una anwani zipatazo bilioni 4.3, na mafungu ya mwisho ya akiba kuu yaligawiwa kanda za dunia mwezi Februari 2011. Afrika huhudumiwa na AFRINIC yenye makao yake Mauritius. Mfumo mpya, IPv6, una anwani nyingi kiasi kwamba idadi yake huandikwa kwa tarakimu 39. Kuhamia mfumo huo ni kazi ya polepole, nayo itaamua kama mabilioni ya simu, mita na mitambo ya kesho vitapata anwani za wazi au vitabanwa nyuma ya anwani chache za kushirikiana.

Juu ya nambari kuna majina. Majina ya vikoa vya nchi, kama .tz, .ke na .cd, huongozwa na asasi za nchi husika, na tangu mwaka 2017 pana kikoa cha .africa. Lugha zenye maandishi yasiyo ya Kirumi zilisubiri hadi mwaka 2010 kuona majina ya vikoa vya nchi kwa herufi zake zenyewe. Kiswahili sanifu, kwa kuwa kinaandikwa kwa herufi za Kirumi zisizo na vitone wala vialama, hakikupata kikwazo hicho. Wapo waliodhani kwa hiyo kwamba lugha hii haina tatizo lolote la maandishi katika kompyuta. Wamesahau ritifaa.

Kanuni za vikoa huruhusu herufi, tarakimu na kistari tu. Mfugaji anayetaka jina lenye neno ng'ombe hulazimika kuandika ngombe. Jambo hilo si dogo kwa mwanaisimu, kwa kuwa ritifaa katika Kiswahili si pambo: hutenganisha fonimu mbili. Kung'oa si sawa na ngoa, ambayo ni tamaa au wivu. Taabu nyingine ni kwamba orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, Unicode, ina alama zaidi ya moja zinazofanana na ritifaa. Ipo iliyonyooka inayotoka katika kibodi. Ipo iliyopinda inayowekwa na programu za kuandikia. Na ipo ya tatu ambayo Unicode huihesabu kuwa herufi. Kwa jicho la msomaji zote ni moja, ila kwa kompyuta ni tatu. Neno lililoandikwa kwa alama moja laweza kukosekana linapotafutwa kwa nyingine, na programu ambayo huhesabu ritifaa kuwa kituo hulikata neno ng'ombe likawa "ng" na "ombe". Vyombo vya usanifishaji vilivyokata shauri la tahajia kwa ajili ya mashine ya chapa vina wajibu ule ule kwa ajili ya kompyuta: kutaja alama moja na kuitangaza kwa watengenezaji.

5.0 Huduma: kutoka ukurasa hadi sauti

Huduma za mwanzo zilikuwa za maandishi na zilimtaka mtumiaji awe na kompyuta. Katika Afrika Mashariki mkondo uligeuka na simu ya mkononi. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwezi Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008, ilifika kwa watu ambao hawakuwahi kufungua tovuti. Haikuhitaji intaneti katika simu ya mteja. Ilihitaji menyu fupi na lugha inayoeleweka. Maneno kama wakala, salio na muamala yaliingia katika mazungumzo ya kila siku. Muamala lilikuwa neno la wanasheria na wanazuoni. Leo hulisema muuza mchicha sokoni. Hakuna kamati iliyoweza kulieneza kwa kasi hiyo.

Taarifa ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU, ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba watu bilioni 5.5, yaani asilimia 68 ya watu wote duniani, walitumia intaneti. Kwa Afrika kiasi hicho kilikuwa asilimia 38. Wengi watakaoingia katika miaka ijayo watakuwa na simu ndogo, kifurushi cha kupima, na pengine mazoea machache ya kusoma. Kwa hiyo watoa huduma wanaelekea kwenye sauti: mtu aulize kwa kinywa na ajibiwe kwa kinywa, kuhusu bei ya mahindi, dawa ya mtoto au fomu ya serikali.

Hapo ndipo lugha inapobadilika cheo. Katika huduma ya zamani, kutafsiri menyu ya maneno 200 kulitosha. Katika huduma ya sauti, mashine inapaswa kuitambua sauti, kuchanganua sentensi, kukisia maana na kutunga jibu. Mifumo inayofanya kazi hiyo hujifunza kutokana na matini nyingi mno. Lugha isiyokuwa na matini za kutosha, zilizo safi na zilizopangwa, itahudumiwa vibaya, hata kama mkongo unapita mlangoni pake.

6.0 Kiswahili kama malighafi ya mashine

Kiswahili kina hali ya kati. Hakikosi rasilimali kama lugha nyingi za Afrika, wala hakina wingi wa zile za Ulaya. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alijenga, kuanzia miaka ya 1980, mfumo wa kuchanganua mofolojia ya Kiswahili kwa kanuni, na koposi iliyotokana na kazi hiyo imewafaa watafiti wengi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Katika miaka ya karibuni mtandao wa watafiti wa Kiafrika uitwao Masakhane umeshughulikia tafsiri ya mashine, na mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya sauti za wasemaji wanaojitolea.

Hata hivyo, kuna matatizo manne ambayo mkusanyo peke yake hauyatatui.

Tatizo la kwanza ni la umbo la neno. Mifumo ya akili bandia hukata maneno vipande kwa kufuata wingi wa marudio, wala haifuati mofimu. Neno hawatatuelewesha lina viambishi vinavyojulikana na kila mwanafunzi: ha- ya ukanushi, -wa- ya nafsi, -ta- ya wakati, -tu- ya mtendwa, mzizi -elew-, -esh- ya kutendesha na -a ya mwisho. Mashine iliyofunzwa zaidi kwa Kiingereza huweza kulikata mahali pasipo na maana yoyote ya kisarufi. Kwa kawaida sentensi ya Kiswahili hupata vipande vingi kuliko ya Kiingereza yenye maana ile ile, na pale ambapo huduma hutozwa kwa idadi ya vipande, msemaji wa Kiswahili hulipa zaidi kwa swali lile lile.

Tatizo la pili ni la maana inayopotea katika tafsiri. Sentensi "Yeye ni daktari" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Kwa miaka mingi programu za tafsiri zilimfanya daktari kuwa mwanamume na muuguzi kuwa mwanamke, zikiongeza kwa Kiswahili ubaguzi ambao sarufi yake haina. Kinyume chake, kiwakilishi kimoja cha Kiingereza hakionyeshi ngeli, kwa hiyo kitabu kilichotajwa katika sentensi ya kwanza huweza "kupotea" kwa kiambishi i- katika sentensi ya pili.

Tatizo la tatu ni la chanzo kuchafuka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya maandishi ya wavuti yaliyotafsiriwa katika lugha nyingi kwa pamoja ni kazi ya mashine, na kwamba hali ni nzito zaidi kwa lugha zenye rasilimali chache. Mashine ikisoma Kiswahili kilichotungwa na mashine, hujifunza makosa yake yenyewe na kuyaona kuwa kawaida. Mwanafunzi naye husoma kurasa hizo. Baada ya kizazi kimoja huenda ikawa vigumu kutenganisha mabadiliko halali ya lugha na uchovu wa programu.

Tatizo la nne ni la lahaja. Mashine iliyofunzwa kwa Kiswahili sanifu cha magazeti itamsikia mtangazaji wa Dodoma, lakini itamkosa bibi wa Lamu, mvuvi wa Pemba na mfanyabiashara wa Lubumbashi. Redio ilipoeneza usanifu haikumzuia mtu kununua chumvi kwa Kiamu. Huduma ya sauti inaweza kumzuia, ikiwa ndiyo njia ya pekee ya kufikia hospitali au benki.

7.0 Istilahi na wenye lugha

Msamiati wa intaneti katika Kiswahili umechota sana katika utamaduni wa zamani. Mtandao umetokana na kutanda. Kupakia na kupakua ni kazi za bandarini na za jikoni kabla ya kuwa kazi za kompyuta. Kivinjari kimetokana na kuvinjari, yaani kuzungukazunguka kwa doria. Maneno hayo yamekubalika kwa sababu mtumiaji huona picha ndani yake.

Pamoja na hayo, wingi wa istilahi kwa dhana moja unaendelea. Kompyuta na tarakilishi bado hutumika sambamba. Mkongo huandikwa pia mkonga. Dhana mpya ya mashine zenye uwezo wa kufikiri imepata majina matatu kwa mara moja: akili bandia, akili mnemba na akili unde. Zamani hitilafu hiyo ilimsumbua mwalimu na mhariri tu. Sasa inaigusa mashine pia, kwa kuwa maarifa yaliyotawanyika chini ya majina matatu huonekana machache mara tatu. Hii si hoja ya kuua visawe, ambavyo ni utajiri. Ni hoja ya kuwa na benki ya istilahi iliyo wazi, inayosomeka kwa kompyuta, inayoonyesha visawe vyote na matumizi yake, na inayoshirikisha BAKITA, BAKIZA, taasisi za vyuo vikuu vya Tanzania, Kenya na Uganda, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki.

Kuna suala la haki pia. Sauti na matini zinazokusanywa ni za watu. Kenya ilitunga sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo humlinda mtu mmoja mmoja, lakini lugha ni mali ya jumuiya. Jumuiya inayotoa masimulizi, methali na mazungumzo yake ili mashine ifunzwe inastahili kujua yanatumiwaje, na kupata sehemu ya faida yake.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba mustakabali wa intaneti katika mwambao wa Afrika Mashariki unajengwa katika ngazi tatu zinazotegemeana. Katika ngazi ya njia, mikongo, vituo vya mabadilishano na setilaiti vinaongezeka, huku umiliki ukielekea mikononi mwa wachache. Katika ngazi ya majina na alama, hata ritifaa moja huweza kuamua kama neno litapatikana au litapotea. Katika ngazi ya huduma, sauti na akili bandia zinaifanya lugha kuwa malighafi.

Kazi zinazotokana na hayo si za ndoto. Idara za Kiswahili zinaweza kuweka tasnifu na koposi zake katika seva za nchini. Wanaisimu wanaweza kushirikiana na wanasayansi wa kompyuta kutunga mifumo inayokata neno penye mofimu. Wanafunzi wa lahaja wanaweza kurekodi sauti za wazee kwa idhini yao na kwa maelezo kamili. Vyombo vya usanifishaji vinaweza kutoa uamuzi juu ya ritifaa na kufungua benki ya istilahi. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayongoja mkongo mwingine utie nanga.

Umoja wa Afrika uliidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwezi Februari 2022, na UNESCO ilikwisha kuitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake mwaka uliotangulia. Heshima hizo ni kubwa. Hata hivyo, heshima ya lugha katika intaneti haitangazwi na mkutano. Hupimwa kila siku na mama anayeuliza swali kwa simu na kungoja jibu atakaloelewa. Wahenga walisema mtumai cha nduguye hufa maskini. Wenye Kiswahili wasipokiandaa wenyewe kwa ajili ya mashine za kesho, watakuja kukinunua kwa wengine, nacho kitakuwa na makosa ambayo hawakuyatia wao.